Watoto wa Tangi la Nne

Vyeti kumi na kimoja vya mwanzo Bi Zuwena Mkadam alivitia saini bila kusita. Cha kumi na mbili kililetwa Jumatatu asubuhi, wakati wa chai, na aliyekileta alikuwa Salha, binti yake wa pekee, pamoja na kile kicheko ambacho tangu utotoni hakujua kukificha. Alikiweka mezani, akakinyoosha kwa kiganja, akamwomba mamake atie saini upesi kwa sababu akina Mahfudh walikuwa wanakingoja waje waweke siku.

Cheti cha ziwa kina mistari miwili tu yenye maana. Bwana harusi: Mahfudh Ame, Tangi la Saba. Bibi harusi: Salha Hamad, Tangi la Pili. Matangi mbalimbali, mama mbalimbali, kwa hiyo ndoa ni halali. Chini kuna nafasi ya mtunza daftari, na katika mji mzima wa Mwambakuu mtunza daftari alikuwa mmoja, ndiye huyo aliyekaa na kikombe cha chai inayopoa mkononi.

"Nitatia," alisema. "Niache kwanza nikalitazame daftari."

Salha alimcheka. Alimuuliza atazame nini katika daftari aliloliandika mwenyewe kwa mkono wake, tena kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Kisha akachukua mkoba wake akaenda zake shuleni kufundisha, akiimba njiani bila haya. Bi Zuwena alibaki akikitazama kile cheti mpaka chai ikaota utando.

*

Mgeni akifika Mwambakuu hushangaa kusikia watu wazima na ndevu zao wakiulizana, "Wewe wa tangi gani?" Wenyeji hawaoni ajabu. Wamelizoea swali hilo kama walivyozoea mngurumo wa pampu zinazotoa maji nyuma ya ukuta wa bahari.

Lilianza na Homa ya Arobaini, iliyopewa jina hilo kwa sababu ilichukua watoto kabla mama hajatoka nje. Kwa mtu mzima ilikuwa mafua ya siku tatu. Kwa kichanga ilikuwa kaburi, maana mwili wa mtoto wa wiki tatu haujajifunza bado kumtambua adui, na ukianza kujifunza, virusi vimekwisha kumaliza kazi. Aliyekwisha kuugua huwa na kingamwili, vijidude vyenye umbo la panda vinavyozunguka katika damu na maziwa vikitafuta kirusi kile kile kimoja vilichofundishwa. Kirusi kina ufunguo wake wa kuingilia ndani ya seli. Kingamwili hazina panga wala bunduki. Huukumbatia ule ufunguo tu, kirusi kikabaki nje ya mlango, mpaka zije seli zinazokula uchafu zikimeze. Mama mwenye kingamwili nzuri humpa mwanawe katika maziwa, zikalinda koo na tumbo lake mpaka naye ajue kutengeneza zake.

Bahati mbaya, kingamwili za mama wengi wa Mwambakuu zilishika pasipo. Ziliushika mgongo wa kirusi, ufunguo zikauacha wazi. Katika visiwa vyote walipatikana wanawake kumi tu ambao maziwa yao yalishika penyewe. Zilichukuliwa seli za matiti yao, na zile zinazotengeneza kingamwili, zikakuzwa katika matangi kumi ya chuma ambayo yalitoa maziwa mwaka mzima bila kuchoka. Chupa zilipelekwa kwa droni mpaka visiwa vya jirani. Mtoto alinyonya kwa mamake kama kawaida, na asubuhi na jioni akapewa chupa ya tangi.

Hapo wazee wakasimama. Maziwa ni maziwa, walisema, yatoke kifuani yatoke kwenye chuma. Mtoto akishiba mara tano, mwenye maziwa ni mama yake, na wote walioshiba kwake ni ndugu wasiooana. Wakapatana na watu wa mtambo kwamba kila mtoto aandikwe tangi lake, na matangi yasichanganywe hata tone. Siku yatakapochanganywa, mtambo utafungwa. Mji ukayapokea yale mapatano ukayajengea desturi. Mtu aliyetaka kumwoza mwanawe kwa binamu alihakikisha watoto wale hawaandikwi tangi moja. Siku ya Idi watoto wa kila tangi huenda kumwamkia mama yao wa ziwa, nyumba ikajaa mpaka viatu vikamwagika barabarani.

*

Mwaka aliozaliwa Salha, Bi Zuwena alikuwa na miaka thelathini na tisa. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alizikwa akiwa na siku thelathini na mbili, kabla matangi hayajajengwa. Kwa huyu wa pili alikuwa akihesabu siku kwa vidole, na marehemu mumewe alimtania kwamba akimaliza vidole vya mikono na miguu ataazima vyake.

Kazi yake mtamboni, pamoja na daftari, ilikuwa kupima. Kila Jumamosi alichota tone kutoka kila tangi, akalichanganya na virusi hai, akaumwaga mchanganyiko ule juu ya seli zilizotandazwa katika sahani ya kioo. Baada ya siku tatu alitazama. Kingamwili zikiwa zimeushika ufunguo, sahani hubaki nzima. Zisiposhika, virusi huingia, seli hufa, na sahani hutoboka vitundu kama kanga iliyoliwa na mende. Kwa miaka minne sahani zote kumi zilikuwa nzima. Jumanne moja alifungua kabati la joto akakuta tisa zina vitundu.

Hakuhitaji kufunzwa na mtu. Virusi hujinakili, na katika kujinakili hukosea, na siku moja kosa moja huvifaa. Ufunguo ulikuwa umebadilika jino moja. Kingamwili za wanawake tisa zilikuwa tele bado, zinaelea katika maziwa, zinatafuta ufunguo wa zamani ambao haupo. Za mwanamke wa kumi, Bi Khole wa Tangi la Nne, zilikuwa zimezoea kushika chini zaidi, kwenye shina la ufunguo, mahali ambapo kirusi hakiwezi kupageuza bila kujiharibu chenyewe. Sahani yake peke yake ilikuwa nzima.

Wiki hiyo walikwisha kuzikwa watoto wanane. Kwa mujibu wa mapatano, Bi Zuwena alipaswa kuwaambia wazee, na wazee wakutane. Mara ya mwisho walipokutana, kwa ajili ya rangi ya chupa, walikaa mwezi mmoja na siku mbili. Tena alijua watakalosema wazazi wakiambiwa watoto wote wa mwaka ule wawe ndugu. Wengi wangesema mwanangu na abaki na tangi lake, Mungu ndiye mlinzi. Wangesema kwa imani, si kwa ujinga, na yeye kama asingeziona zile sahani huenda angesema hivyo hivyo.

Alhamisi Salha akaamka na homa. Alasiri, wenzake wote walipokwenda kumzika mtoto wa tisa, Bi Zuwena alibaki mtamboni peke yake. Alifungua koki ya Tangi la Nne, akaunga mipira mpaka kwenye matangi tisa mengine, akayaacha maziwa ya Bi Khole yaende. Hakufikiri sana. Anayesema alikaa akafikiri sana na huku mwanawe ana homa, huyo ni mwongo.

Alifanya hivyo kwa siri siku arobaini na moja, mpaka wale wanawake tisa walipochanjwa upya, miili yao ikaujua ufunguo mpya, na seli zao mpya zikapandwa. Watoto mia mbili na kumi na wawili walishiba maziwa ya Bi Khole. Baada ya siku ile alikufa mmoja tu, naye alikuwa taabani tangu mwanzo. Salha alipona. Katika daftari, kwa mwandiko mzuri usio na doa, kila mtoto alibaki na tangi lake la zamani.

Miaka ilivyopita Bi Zuwena alijitafutia maneno ya kumtuliza. Yalichanganywa yale maziwa, alijiambia, na kilichochanganywa hakihesabiki. Lakini hakuwahi kumuuliza sheikh yeyote, na alijua vizuri kwa nini hakuuliza. Bi Khole alipofariki, watoto wake wa tangi walisimama kwenye mstari wa wafiwa, na Bi Zuwena akasimama nyuma yao akijua kwamba mstari ule ulipaswa kufika barabarani. Kisha watoto wa mwaka ule wakakua, wakaanza kuoana. Vyeti kumi na kimoja alivipitisha akala akalala. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na sasa mkuki ulikuwa mezani kwake, karibu na bakuli la sukari.

*

Siku tatu alimzungusha Salha. Mara daftari limefungiwa ofisini, mara macho yanamuuma, mara wino umekauka. Siku ya nne, saa kumi jioni, Salha alirudi kutoka shuleni, akakaa mbele yake bila kuvua buibui.

"Mama, kama humtaki Mahfudh, sema. Nitalia, nitanyamaza. Usinifanye mtoto."

Bi Zuwena alimpenda Mahfudh. Alikuwa kijana mpole, fundi wa pampu za ukutani, anayejifuta matope miguuni kabla ya kupiga hodi. Maneno ya bintiye yalimchoma kuliko alivyotarajia, na labda ndiyo maana alijikuta akisema yote, kuanzia sahani zenye vitundu mpaka mipira aliyoiunga. Hakujitetea. Salha alisikiliza akiwa amekunja mikono, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo mpaka mamake akashindwa kuutazama.

"Wote?" aliuliza.

"Wote wa mwaka ule."

"Na Asya?"

Asya alikuwa shoga yake tangu chuoni. Cheti chake kilikuwa cha tatu. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyeanza juzi kusimama dede, na kofia alizovaa mtoto yule alizishona Salha. Bi Zuwena aliinamisha kichwa tu.

"Ulijua, ukatia saini," Salha alisema.

"Nilijua."

"Mimi ndiye uliyeshindwa kunitilia."

Salha alisimama, akasema anakwenda kwa kadhi sasa hivi, na kama mamake ana haya hata kidogo atatangulia mbele. Alikwisha kufika mlangoni, mkono kwenye komeo, mamake alipomkumbusha yale mapatano. Matangi yakijulikana yalichanganywa, mtambo unafungwa. Ndoa kumi na moja zingevunjika, na watoto tisa waliozaliwa humo wasingejua wajiite nani, na hayo peke yake yalitosha kumnyima mtu usingizi. Lakini Homa ya Arobaini haikwenda popote. Ilikuwa ikizunguka mjini kila kipupwe, ikibisha, na kila ikibisha inakuta milango imeshikwa. Asubuhi ile Bi Zuwena alikuwa ameandika vichanga mia na themanini na sita wanaoishi kwa chupa za matangi. Alilisema jambo hilo kwa sauti ya chini, na alijichukia kwa kuwa lilikuwa kweli na tena lilimfaa.

Salha hakulifungua komeo. Aliingia chumbani kwake, na kilio chake kikasikika mpaka kwa jirani.

Baada ya kusali magharibi alitoka. Macho yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Mahfudh amenisimulia kwamba mwaka ule mama yake alilazwa wiki mbili. Yeye aliachwa mtamboni akilelewa na nyinyi."

"Ndiyo. Tulimlea."

"Nawe ulikuwa ukininyonyesha mimi."

Bi Zuwena alianza kuelewa, na alitamani asielewe.

"Utasema ulimnyonyesha," Salha alisema. "Mara tano na zaidi. Mwanamke akisema nilinyonyesha, hakuna atakayethubutu kuisogelea ndoa hiyo. Hawatataka hata shahidi, wala hakuna atakayeyagusa matangi."

"Huo ni uwongo, mwanangu."

"Uwongo ni kuhusu titi lako. Undugu ni kweli, si ndivyo ulivyoniambia?"

Bi Zuwena, ambaye kwa miaka ishirini na miwili hakumuuliza mtu yeyote ushauri, alimuuliza bintiye afanye nini kuhusu wale wengine ambao bado hawajaoa wala kuolewa.

"Hao ni wako, Mama," Salha alisema. "Huwezi kusema umewanyonyesha mia mbili."

*

Jumamosi walikuja, Mahfudh na mama yake, Bi Subira, na sahani ya halua iliyofunikwa kawa. Walikuja kuweka siku. Bi Zuwena aliwaacha wakae, aliwaacha wanywe maji, kisha akasema alivyofundishwa na mwanawe. Alisema alimwonea huruma mtoto anayelia, mama yake hayupo, na kifua chake mwenyewe kimejaa. Alisema alisahau, na kwamba cheti kilipoletwa ndipo kumbukumbu ilipomrudia.

Bi Subira hakupiga kelele. Aliirudisha kawa juu ya halua taratibu, akaipangusa ukingo kwa kidole.

"Miaka ishirini na miwili," alisema. "Umempa mwanangu ziwa, na kila Idi namleta hapa akuamkie kama jirani. Umengoja nguo zimeshonwa ndipo ukumbuke."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nikusamehe nini? Ulimshibisha nilipokuwa mgonjwa. Nimeambiwa nikushukuru, ndiyo sheria. Lakini kukupenda tena sitaweza."

Mahfudh alikuwa akimtazama Salha, na Salha alikuwa akiutazama mkeka. Mahfudh aliuliza swali moja tu, kwa adabu, kwamba ilikuwa mara ngapi.

"Mara tano," Bi Zuwena alisema. "Zaidi ya tano."

Hilo la mwisho halikuwa uwongo kabisa, na pengine ndiyo maana lilimtoka vizuri. Mahfudh aliitika kwa kichwa. Akampa mama yake mkono, wakaondoka, na halua wakaiacha kwa kusahau.

Kadhi alikichana cheti Jumatatu. Mjini watu walisema waliyoyasema. Wako waliodai Bi Zuwena anaogopa upweke, ndiyo maana kamfungia bintiye. Lakini kufikia katikati ya wiki maneno yaligeuka, na hayo yaliyogeuka ndiyo yaliyomuua kabisa. Walisema huyo ndiye mwanamke mkweli. Walisema hata kwa ajili ya furaha ya mtoto wake wa pekee hakuificha haki, basi daftari lake ni la kuaminiwa kama msahafu, naye aliposikia akakatisha sala yake akaanza upya mara tatu.

Cheti cha kumi na tatu kilikuja wiki hiyo hiyo. Wenyewe walikileta kwa mikono yao, kijana wa Tangi la Kwanza na msichana wa Tangi la Tisa, wote wa mwaka ule. Walisema wameona fahari saini iwe yake. Alitazama mlango wa chumba cha Salha, uliokuwa wazi. Salha alikuwa amekaa ndani anasahihisha madaftari ya wanafunzi, na alikuwa ameinua uso. Bi Zuwena alifikiria sahani tisa zenye vitundu, akafikiria vichanga mia na themanini na sita, akatia saini. Msichana akambusu mkono.

*

Ijumaa, baada ya sala, Mahfudh alipiga hodi. Bi Zuwena alidhani amekuja kugomba, akashukuru moyoni. Kumbe alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na mkononi alikuwa na kifurushi cha tende. Alijifuta miguu, akaingia, akapiga goti, akaupokea mkono wake.

"Shikamoo, mama."

Mtoto wa ziwa humwamkia mama yake. Amekwenda kuuliza, alisema, akaambiwa kwamba haki hiyo haianzi siku ya kujulikana, inaanza siku ya kunyonya, kwa hiyo yuko nyuma miaka mingi. Alilisema hilo akijaribu kutabasamu. Bi Zuwena alimjibu marahaba, akamkaribisha mkekani, na hakujua aweke wapi macho yake. Alikuwa amezoea kudanganya karatasi. Hakuwahi kupigiwa goti na uwongo wake mwenyewe.

Salha alikuwa uani, ametoka kuosha nywele, anazikausha kwa jua. Aliisikia ile sauti, na mkono wake ukaruka kwenye kamba kuchukua mtandio, kama unavyoruka mkono wa mwanamke yeyote akisikia mwanamume wa nje kaingia. Mamake alimwona kupitia mlango wa nyuma. Alimwona ameshika mtandio, kisha amesimama nao, kisha ameurudisha kwenye kamba polepole, kwa sababu mwanamke hajifuniki mbele ya kaka yake, na nyumba nzima ya jirani ilikuwa dirishani kuona kama atajifunika.

Aliingia na birika na vikombe viwili vya kahawa, kichwa wazi. Nywele zilikuwa bado zinadondosha maji, zimemfika kiunoni. Katika miaka miwili ya uchumba Mahfudh hakuwahi kuona hata unywele mmoja wake, na alikuwa amepata kumwambia, mbele ya Bi Zuwena, kwa mzaha, kwamba anahesabu siku.

"Karibu kahawa, kaka," Salha alisema.

Mahfudh alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Alizitazama zile nywele mara moja, akainamisha macho, ingawa hakuna sheria iliyomlazimisha kuyainamisha, na akainywa kahawa yote ikiwa bado inachoma.